Usiku wa Kuomba Baridi

Mwaka ule mvua ya mawe ilitushukia Februari,
Jumanne, tukiwa tunakula.
Ilipokwisha mama alitoka akasimama shambani,
mikono kiunoni, kama mtu anayesoma barua
yenye mwandiko mbaya.

Viazi tulivyochimba baadaye vilikuwa gololi.
Baba, Eleuterio, alikuwa Oruro migodini,
chini ya ardhi akitafuta bati,
na tangu Pasaka hakuwa ameleta senti wala salamu.
Dukani kwa Bi Hortensia daftari la madeni
lilikuwa na ukurasa wetu, kisha ukurasa wetu wa pili,
kisha akasema, "Fortunata, daftari limejaa,"
nasi tuliziona kurasa nyeupe zikipepea.

Jumapili katekista Kasiano alisoma
habari za nabii aliyelishwa na kunguru kando ya kijito.
Nikamnong'oneza mama: huku kwetu hakuna kunguru,
kuna heroe tu kule ziwani, nao hawabebi mkate.
Akanifinya. Halafu nikaona mabega yake yanatikisika.
Sikujua kama anacheka.

Juni alivimwaga viazi vile nje, kwenye nyasi fupi,
akavitandaza kimoja kimoja kama anayelaza watoto.
"Vikipigwa na jalidi usiku mara tatu," alisema,
"tutavikamua kwa miguu, tutavianika,
viwe chunyo, vikae miaka.
Visipopigwa vitaoza."
Akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo
akamwomba Mungu baridi.

Hili sijawahi kumwambia mtu:
usiku ule, chini ya blanketi lilelile,
mimi niliomba joto.
Nikanori alikuwa na miezi saba, na kifua chake
kililia kama bawaba za mlango wa zizi.
Niliomba mawingu. Mawingu yakaja.
Asubuhi viazi vilikuwa na umande tu.
Mama alivigusa, akanyamaza.
Usiku wa pili niliomba tena, yakaja tena.
Nikajivuna. Kisha nikaogopa,
maana harufu ilikuwa imeanza,
na gizani nilimsikia mama akisema,
si kwa sauti ya sala,
kwa sauti ya mtu anayedai chenji yake dukani:
"Wanasema humtupi mja wako.
Haya. Mja ni mimi. Nipo hapa."

Usiku wa tatu sikuomba kitu.
Sikujua niombe upande gani.
Nyota zilitoka zote, hata zile ndogo zisizo na kazi,
na baridi ikashuka, ikakaa juu ya nyasi
kama mgeni aliyekuja na mizigo yake.
Mama alimvua Nikanori nguo, akamweka kifuani,
ngozi kwa ngozi, akajifunga shali zote tatu,
akakesha hivyo, ameegemea ukuta,
mkono mmoja mgongoni mwa mtoto
akihesabu pumzi.

Asubuhi viazi viligongana kama kokoto.

Ikaja baridi ya pili, ikaja ya tatu.
Tulivikanyaga bila viatu.
Maji meusi yalitoka kati ya vidole,
maumivu yakapanda hadi magotini,
na mama alikuwa akicheza, naapa,
akicheza peke yake katikati ya viazi,
sketi ameikunja, midomo ya zambarau.

Tulikula chunyo mwaka ule na nusu ya uliofuata.
Pesa za baba zilikuja Oktoba, pungufu.
Nikanori alikohoa hadi Septemba;
leo anaendesha lori la saruji
na hulalamika juu ya joto kuliko mtu yeyote ninayemjua.
Mama alikufa bila kujua kwamba sala mbili
zilitoka kitanda kimoja zikagombana njiani.
Sijui Mungu alizipimaje.
Mimi alinipa kwanza. Yeye alimchelewesha,
na alichochelewa nacho ndicho kilichotulisha.

Katika droo yangu nina chunyo kimoja cha mwaka ule,
cheusi, chepesi kama kizibo, hakina uzuri wowote.
Miezi ambayo mshahara hauji
nakitoa nakishika kidogo.
Sijawahi kukiloweka.
Najua nikikitia maji
kitakumbuka kwamba ni kiazi.